Aliyesikia Ndiye Anayeshuka

Ijumaa ile ilianza kama Ijumaa nyingine yoyote hapa Kisegi. Omena, dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye nyavu kando ya barabara, kunguru wakiwavizia, na wanawake wa soko wakigombania kivuli. Mimi nilikuwa nabeba sukari na majani ya chai kwenda kwa dada yangu Priscah. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ile ya kila siku, kwa sababu jamaa wa bodaboda alinishusha njia panda akidai njia ya kwa Priscah inammalizia tairi. Nikatembea. Magoti yakasema yao, nami nikayajibu.

Naandika haya kwa sababu nimechoka. Kila anayepita kwangu ananiuliza kuhusu siku hiyo, na kila anayeondoka anaenda kuongeza chumvi. Mara skrini ililia damu. Haikulia damu. Mara binti yangu Caren anafuga majini kwenye duka lake la kompyuta. Caren hafugi hata paka. Mimi nilifika darasa la saba, kalamu naijua, na nilikuwa pale kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Anayetaka kujua asome hapa, aniache nipumzike.

Tulikuwa tunamzika Bravin, kifungua mimba wa Priscah. Lakini hatukuwa na Bravin.

Bravin alikuwa akichimba dhahabu Macalder pamoja na mdogo wake, Tony. Bravin alishuka shimoni, Tony alishika kamba juu. Siku moja udongo ukaporomoka ukalifunga shimo, Bravin akiwa chini. Wachimbaji wenzao walikuja mbio, wakatoa mawe kwa mikono, halafu ardhi ikaanza kupasuka upya na maji yakachungulia. Wakauliza kama kuna mtu amesikia chochote kutoka chini. Tony ndiye aliyekuwa amelala kifudifudi mdomoni mwa shimo, ametega sikio. Akasema hapana, hakuna kitu. Basi wakaacha.

Kwetu Wajaluo, mtu akipotelea ziwani au ardhini na mwili usipatikane, hatukai tu na mikono mashavuni. Tunakata tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, na tunalizika badala yake. Kwa ukoo wa Priscah, mzee analishika tunda na kuliita kwa jina la aliyepotea. Kuanzia hapo lile tunda ndilo yeye. Linafunikwa kwa blanketi lake na kulazwa kwenye jeneza lake. Likishafukiwa, mambo yameisha. Mke ni mjane, mama analala, na hakuna mtu wa kumtafuta tena.

Ndiyo maana Ghati hakutaka lifukiwe.

Ghati ni mke wa Bravin, Mkuria wa Isebania. Kwa ajili yake nyumba nzima ya Priscah iliongea Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Alikuwa akiuza chai na mandazi pale machimboni, ndipo walipopatana. Tangu shimo liporomoke alikuwa na maneno yale yale: "Hamjachimba nyinyi. Mmekwaruza tu." Tony alimjibu kwamba Wakuria hawajui mambo ya yago, atulie. Mazishi yakapangwa Ijumaa, na kwa kuwa Priscah ni Msabato, ilikuwa lazima kaburi lifungwe kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

Sasa, shida ya tunda ni kwamba huwezi kufungua jeneza watu wapite kulitazama. Watazame nini, mbegu? Priscah alilia kwamba watu watamzika mwanawe bila kuona uso wake. Hapo Tony akaleta akili yake ya kisasa. Tuweke skrini kubwa kando ya jeneza, tuonyeshe ile video ya Bravin akitoa ushuhuda kanisani, watu wamwone na wamsikie. Akampigia simu Caren wangu, aliye na duka mjini Migori.

Kwa hivyo mwili tulikuwa tumeupata mtini, na uso na sauti tukavitafutia waya. Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo. Hakuna aliyesimama.

Caren alifika na skrini, mashine yake, spika, na mfuko wa nailoni wenye nyaya zilizosokotana kama matumbo ya mbuzi. Akaweka vitu vyake mezani chini ya hema, spika chini ya meza, hatua chache kutoka kwenye jeneza. Nikasogeza kiti changu pale, maana ndipo palipokuwa na kivuli.

"Huu wa bluu ni wa nini?"

"Wa picha, Mama."

"Na huu mwembamba?"

"Wa sauti."

"Kwani picha na sauti haziwezi kupanda gari moja?"

"Kwa zile mpya zinapanda. Hii ni ya zamani, kila moja na njia yake."

"Ya zamani kuliko mimi?"

"Mama, wacha nifanye kazi."

Waya wa bluu ulikuwa na kichwa kipana chenye vijino vidogo ndani na skurubu mbili za kukazia. Caren akausukuma nyuma ya skrini, akakaza skurubu kwa kucha. Jenereta ikanguruma. Kioo kikawaka, kikaandika kwa Kizungu kwamba hakuna kinachoingia, kikazima. Akafungua, akapuliza, akafunga. Kikawaka, kikaandika, kikazima. Waombolezaji walikuwa wameanza kujaa, na kwa kuwa hakukuwa na maiti ya kutazama, walikitazama kile kioo cheusi kama watu wanaosubiri mpira uanze.

Tony hakumpa pumzi. Kila akipita, swali.

"Caren, bado tu? Si ulisema wewe ni fundi?"

"Si ulisema kuna stima? Hii jenereta yako inarukaruka kama chura."

"Watu wanangoja."

"Basi waambie waimbe."

Waliimba. Waliimba mpaka sauti zikakauka, na kioo bado kilikuwa kinawaka na kuzima. Mimi nilikuwa nimeshachoka na huo waya kuliko ninavyochoka na wajukuu. Kisha, bila Caren kugusa chochote, picha ikaingia. Bravin ndani ya suti, mbele ya kanisa, mikono kifuani. Priscah akapiga yowe, kwa sababu uso wa mwanawe ulikuwa wa bluu-kijani, kama wa mtu aliyetolewa ziwani baada ya kuliwa na samaki.

"Ni jino moja limepinda," Caren akasema haraka. "Rangi nyekundu haipiti. Msiogope. Mama, una sindano?"

Nilimpa sindano yangu ya kushonea. Akauchomoa waya, akalinyoosha lile jino taratibu kama anayetoa mwiba, akaurudisha na kukaza. Uso ukarudi kahawia. Suti ikarudi nyeusi. Watu wakashusha pumzi, wengine wakapiga makofi. Nikasogea karibu na kioo, macho yangu si ya kuaminika sana. Midomo ilikuwa bado ya bluu.

Ikabaki sauti. Bravin alikuwa anaongea, mdomo ukifunguka na kufunga, lakini hatukusikia hata pumzi. Spika za Caren zilikuwa na waya mwembamba unaoishia kwa kijiti cha chuma kama msumari, na kule nyuma ya mashine kulikuwa na matundu ya rangi. Akachomeka kwenye la kijani. Kimya. La waridi, kimya. La samawati, kimya. Akarudi la kijani, akaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Kwenye kioo Bravin alikuwa ameshafika mwisho wa ushuhuda wake na kuanza tena.

"Kwani ameshuhudia nini?" mwanamke mmoja wa kwaya akanong'ona.

"Kwamba Mungu alimtoa shimoni," Priscah akajibu. "Mwaka jana. Udongo ulimwangukia, akatoka."

Yawa! Hiyo ndiyo video waliyochagua.

Caren akachomoa kijiti, akakigusa ncha kwa kidole. Spika ikavuma, vvvvv, kama nyuki kwenye chupa. "Mnasikia? Spika ni nzima. Waya ni mzima. Mwili wa mtu una stima kidogo, ukigusa hapa unavuma. Shida iko kwa mashine."

"Shida iko kwako," Tony akasema. Alikuwa analowa jasho. "Lete hapa." Akampokonya.

Alikishika kile kijiti kati ya vidole vyake.

Hakikuvuma.

Halafu sauti ikatoka kwenye spika, kwa mbali, kama inayotoka ndani ya ukuta. Tok. Tok. Tok. Ikapumzika. Tok. Tok. Tok.

Tony aliutupa ule waya kama ameshika makaa. Kimya kikarudi.

Ghati alikuwa amesimama nyuma yake na trei ya vikombe. Akaiweka chini kwenye nyasi polepole sana, hakuna kikombe kilicholia.

"Shika tena, shemeji."

"Nini?"

"Huo waya. Shika tena."

"Wewe wachana na mimi. Ni mashine imeharibika."

Ghati akauokota mwenyewe. Vvvvv. Akanipa mimi, nikagusa. Vvvvv, na kidole kikanitekenya. Akampa Caren. Vvvvv. Kisha akamkamata Tony mkono. Ghati si mwanamke mkubwa, lakini amebeba maji machimboni miaka mingi, na Tony hakuchomoka. Akakilaza kile kijiti kwenye mshipa wa mkono wake.

Tok. Tok. Tok.

"Wakiwa chini," Ghati akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye spika, "wanagonga bomba la hewa kwa jiwe. Mara moja ni simamisha. Mara mbili ni shusha ndoo." Akambana Tony mkono zaidi. "Mara tatu ni nivuteni."

Tok. Tok. Tok.

Lazima niwaeleze desturi ya wachimbaji, bila hiyo hamtaelewa. Shimo likiporomoka Macalder, hawapigi kura ya nani aende chini. Aliyesikia ndiye anayeshuka. Ukisema umesikia mtu akigonga, kamba inafungwa kiunoni mwako, si mwa mwingine, hata kama ardhi inapasuka. Wanasema masikio ya mwingine yatapotea njia. Nilimtazama Tony, aliyelala kifudifudi mdomoni mwa shimo la kaka yake na hakusikia kitu. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Nikaelewa.

Ghati naye alikuwa ameelewa, na sidhani alianza siku hiyo. Akageukia hema.

"Mmesikia nyote," akasema. "Nani anashuka?"

Ningependa kuandika kwamba wanaume walisimama. Hema lilikuwa limejaa wanaume.

"Mimi nilikuwa na simu sikioni," mmoja akasema.

"Hiyo si ni jenereta?"

"Ni joto tu. Mabati yanalia." Hema la turubai, na mtu mzima anazungumzia mabati.

Mchungaji alifungua Biblia, akatafuta ukurasa, akautafuta tena. Mzee aliyeliita tunda kwa jina alitazama viatu vyake. Hema zima likawa kiziwi mbele ya macho yangu, watu niliowajua tangu wakiwa na kamasi. Nikamtazama dada yangu. Mama mzazi. Priscah alinishika kanga.

"Nyamera, dada yangu," akaninong'oneza, "usiseme kitu. Mwanangu nimeshamlilia. Wasinirudishie nimlilie mara ya pili."

"Yuko hai, Priscah."

"Usiseme."

Nikasema. "Mimi nimesikia. Nifungeni kamba, mnishushe na haya magoti yangu."

Hakuna aliyecheka. Hata kunikemea hawakunikemea. Ndipo Caren akanivuta mkono.

"Mama. Video imeisha."

"Basi iache iishe."

"Imeisha, Mama. Nimeizima. Tazama."

Kioo kilikuwa na Bravin aliyesimama pale pale, picha ya mwisho, mdomo umefumba. Halafu mdomo ukafunguka. Waya wa sauti ulikuwa kwenye nyasi, haukuguswa na mtu wala haukuingia popote.

"Tony," spika ikasema.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, picha na sauti zilikubaliana.

Ilikuwa sauti ya Bravin, ila kavu, yenye vumbi. "Tony. Niliona kivuli chako." Mdomo wa bluu uliumba kila neno. "Ulikuwa unapumua hapo juu. Nilikusikia."

Tony alirudi nyuma. Macho kwenye kioo yalimfuata.

"Niligonga," Bravin akasema. "Mbona uliinuka?"

Tony aliukamata waya wa bluu akauvuta kwa nguvu zote. Skurubu zikashika. Skrini nzima ikamfuata, ikaanguka kifudifudi na kupasuka. Mtu akazima jenereta. Hema likanyamaza kabisa, hata watoto. Kutoka chini ya meza, kwenye spika isiyo na stima:

Tok. Tok. Tok.

"Ni mchezo!" Tony akapaza sauti. "Mtu ameingiza kitu kwa hii mashine. Caren na huyu Mkuria wamepanga kutuaibisha!"

Caren, msichana ambaye sijamwona akilia tangu aache kunyonya, alikuwa analia.

Ghati alikuwa ameshatoa simu. "Matiko," akamwambia kaka yake aliye Isebania, "chukua kamba. Chukua wenzako. Tukutane Macalder. Sasa." Kisha akanijia, akaniinamia sikioni. "Mama, wazuie. Wasifukie mpaka nifike kwake. Nakuomba. Wakifukia atakuwa amekufa."

Akapanda bodaboda. Vumbi lake halikuwa limetulia bado nikaanza kugombana.

Niligombana na Tony, hakunitazama. Nikaenda kwa mchungaji, naye akaninyooshea kidole angani: "Mama, jua hilo." Nikaenda kwa mzee wa ukoo. Akasema tunda likishapewa jina haliwezi kulala Sabato juu ya ardhi, litaita watu. Nikamwambia limeshaita, masikio yenu ndiyo yamekataa. Wote wakawa wananionyesha jua, jua, jua, kama mimi ndiye ninayelishikilia. Nimelea watoto, nimezika mume, nimegombana na machifu na watu wa kanisa. Sijawahi kupiga kelele nyingi hivyo kwa faida ndogo hivyo.

Wakalibeba jeneza. Vijana wanne wenye nguvu, na ndani ni tunda moja. Kabla ya kufika kaburini walilitua chini, wakabadilishana na wengine. Mmoja alikuwa anajishika bega.

Mimi sikwenda. Nilikaa hemani na Caren, kati ya viti vitupu na nyaya. Kutoka pale nililiona kaburi vizuri, na ule udongo wa kwa Priscah. Ni mweusi, wa karibu na ziwa, na ukichimba chini unatoka na magamba meupe ya konokono. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Tony akachukua koleo, akawa wa kwanza.

Udongo ulipogonga jeneza, spika ilijibu.

Tok tok tok tok tok.

Si mara tatu tena. Haikuwa na hesabu. Ilikuwa kama mtu anayegonga kwa mikono yote miwili.

"Mama, izime," Caren akasema.

"Imezimwa."

Niliinuka, nikasimama ukingoni mwa hema. "Simamisheni!" Nilipiga yowe mpaka koo likachanika. "Simamisheni, anagonga!" Waliokuwa kaburini waligeuka, wote, nikaona nyuso zao. Wakageuka tena. Wakaanza kuimba kwa nguvu zaidi.

Koleo. Koleo. Koleo.

Nyuma yangu kugonga kulikoma. Kukaanza kukohoa. Kikohozi kifupi, kizito, cha mtu aliyewekewa kitu mdomoni na hawezi kukitema. Caren aliziba masikio. Mimi nilipiga magoti kwenye nyasi nikaweka sikio langu kwenye spika, kwa sababu hapangekuwa na mtu mwingine wa kumsikia. Alivuta pumzi. Ndefu. Ilianza kuingia.

Haikumaliza.

Kule kaburini walikuwa wanaupigapiga udongo kwa mgongo wa koleo, wanausawazisha. Nikaangalia ziwa. Jua lilikuwa bado juu ya maji, kipande kizima, la kutosha mtu kupika ugali na kula. Muda tulikuwa nao.

Ghati hakurudi jioni hiyo wala Sabato nzima. Matiko alikuja na wenzake na kamba, na wachimbaji walipomuuliza kama yeye amesikia, alisema: "Dada yangu amesikia, na mimi nimemsikia dada yangu. Nifungeni." Walichimba kwa zamu huku Ghati akiwapikia pale pale. Jumapili wakafika. Tony alikuwa ameshavuka mpaka wa Sirare kuingia Tanzania, simu yake imezimwa. Mpaka leo ninapoandika imezimwa.

Matiko mwenyewe ndiye aliyeniambia walichokuta. Shimo halikuwa limejaa maji. Kulikuwa na kona kavu, ya kutosha mtu kukaa, na Bravin alikuwa amekaa humo ameegemea bomba la hewa. Hewa ilikuwa inaingia. Hakuwa na jeraha wala mfupa uliovunjika. Jiwe lilikuwa bado mkononi, na bomba lilikuwa limebonyea pale alipogonga, limebonyea sana, kazi ya siku nyingi.

Priscah hakuweza kwenda mochari. Tulikwenda mimi na Ghati. Mhudumu wa pale, mzee mtaratibu ambaye ameona mengi, alituzuia mlangoni kwanza. Akasema huyu mtu hakufa siku shimo lilipoporomoka. Alikufa juzi, Ijumaa, mchana umeenda. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa jibu, nani alimlisha udongo.

Niliomba maji na kitambaa. Ghati akashika karai. Nywele za Bravin na shati lake vilikuwa na vumbi jeupe la mawe ya Macalder, vumbi linalomfuata kila mchimbaji mpaka kitandani, na nililifuta bila shida. Kisha nikafungua mdomo wake.

Ulikuwa umejaa, mpaka kooni. Udongo mweusi, wa majimaji, unaonuka ziwa. Nikautoa kwa vidole, kidogo kidogo, nikawa nausuuza kwenye karai. Nikabadilisha maji, nikasuuza tena. Bado ulikuwa unatoka. Chini ya ulimi kidole changu kikagusa kitu kigumu, nikakitoa, nikakiweka kwenye kiganja cha Ghati ili akione kwenye mwanga wa dirisha.

Konokono mdogo wa ziwani.

Tulisimama pale tukimtazama, mpaka akatoa pembe zake na kuanza kutembea.